Mchanga Mweusi wa Mzee Brashi

Wasikilizaji wapendwa, kama una glasi ya maji karibu, isogeze. Usinywe bado. Iangalie tu. Kama unaviona vidole vyako upande wa pili wa glasi, basi kaa nasi, kwa sababu leo tunamkumbuka mtu aliyetumia miaka thelathini na minne kuhakikisha unaviona.

Tunamkumbuka Mzee Brashi. Alifariki wiki tatu zilizopita, mchana, kitandani nyumbani kwa binti yake, akiwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa mhudumu wa machujio kwenye mitambo ya maji kando ya mto. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Mzee Brashi, mhudumu wa machujio, miaka themanini na mmoja.

Jina la Brashi alipewa na wenzake kazini, na hakulikataa. Alikuwa hawezi kupita karibu na kitu kichafu akakiacha. Alisugua vyuma vya ngazi. Alisugua mikono ya vali za kufungia maji. Alisugua viatu vyake vya kazi, soli kwa chini, pale pasipoonekana na mtu. Mkewe anasema hivi: "Nilikuwa naweka kikombe mezani, nageuka kuchukua birika. Nikirudi, kikombe kimeshaoshwa. Na chai sijanywa."

Tuelewane kwanza kuhusu maji yenyewe, maana bila hayo hamtamwelewa mzee huyu.

Mitambo ile ina visima sita. Vimechimbwa hatua mia moja kutoka ukingo wa mto. Maji ya mto hayafiki kisimani kwa mfereji. Yanapenya chini kwa chini, kwenye mchanga na changarawe, siku nyingi, na njiani yanaacha matope na vijidudu. Hilo ni jambo jema. Lakini huko chini hakuna hewa, na maji yaliyokosa hewa yana tabia moja mbaya. Yanayeyusha madini ya ardhini na kuyabeba. Mojawapo ya madini hayo huitwa manganisi. Ni metali, jamaa yake chuma. Ikiwa kidogo, mwili unaihitaji. Ikizidi ina madhara, hasa kwa mtoto mchanga, hasa kwa ubongo wake.

Na manganisi ina hila. Maji yakitoka kisimani huioni. Ni maangavu kama machozi. Yakishakutana na hewa na dawa ya kuua vijidudu, ndipo inajitokeza, nyeusi, kwenye bomba, kwenye birika, kwenye shati lako la Jumapili.

Kwa hiyo pale mitamboni maji yaliporomoshwa kwenye ngazi za saruji ili yapate hewa, kisha yakapitishwa kwenye masanduku manne ya mchanga, kila moja ukubwa wa darasa. Hayo ndiyo machujio. Na mchanga wake ulikuwa mweusi. Mweusi kama masizi ya chungu.

Mkuu wa kwanza wa mitambo, mtu wa maneno machache, alimwambia Brashi siku ya kwanza kazini: "Chujio utaliosha kila wiki kwa kupandisha maji kutoka chini. Mchanga wenyewe usiubadilishe." Hakusema kwa nini. Brashi hakuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyeeleza naye ana lake la kujibu. Kwa miaka kumi na moja Brashi aliutazama mchanga ule kama mtu anayetazama doa kwenye shati la mkwewe. Mkono unamwasha, ruhusa hana.

Kisha mkuu yule akastaafu. Akaja mkuu mpya, kutoka idara ya majengo, na akaja na habari kwamba wageni wakubwa watatembelea mitambo mwezi ule. Alipofungua mlango wa machujio, akashika kiuno.

"Haya ndiyo maji tunayokunywa? Yanapita kwenye uchafu huu?"

Brashi akasema, "Bosi, nimengoja miaka kumi na moja mtu aulize hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, hakuwa mvivu. Hakuwa mlevi. Hakuiba kitu. Alifanya kosa ambalo mtu msafi tu anaweza kulifanya.

Siku tisa walipiga koleo, watu watano. Mchanga mweusi ukatoka, mchanga mweupe ukaingia, umeoshwa mara tatu. Ule wa zamani waliupeleka shule ya jirani, ambayo ilikuwa ikiomba mchanga wa shimo la kurukia miruko mirefu. Wageni wakaja, wakasifu, wakapiga picha. Kwenye picha Brashi amechomekea shati, ameshika koleo kama mkuki, meno yote nje. Mkewe aliitundika ukutani. Ilikaa pale siku kumi na saba.

Wa kwanza kuleta habari alikuwa mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Watu walimwita Mama Dobi. Alifika getini na shuka begani.

"Ninyi mnatuletea maji au mnatuletea wino?"

Brashi akalishika shuka. Lilikuwa na madoa ya kahawia yanayokaribia weusi, kama mtu amelikung'utia majani ya chai yaliyolowa.

"Mama, labda ni sabuni."

"Sabuni hii nafua nayo tangu wewe una nywele kichwani. Usinifundishe kazi."

Brashi akamwambia atalifua yeye mwenyewe. Akalifua. Kwa maji ya bomba lile lile. Likazidi.

Jioni hiyo, jua bado halijazama, akapita kwa binti yake. Binti alikuwa amejifungua wiki chache nyuma. Alikuwa ameugua baada ya uzazi, maziwa yakamkauka, na mtoto, wa kike, akawa ananyweshwa maziwa ya unga kwa chupa. Yalikorogwa kwa maji ya bomba yaliyochemshwa. Brashi, kama kawaida yake, akafunua birika apate cha kusugua. Ndani mlikuwa na utando mweusi.

"Hili birika mnalipikia nini?"

"Maji ya mtoto tu, baba."

"Tangu lini limekuwa hivi?"

"Si muda mrefu. Wiki mbili. Karibu tatu. Baba, mbona umekaa chini?"

Narudia jambo hili kwa sababu bado kuna wanaolikosea. Kuchemsha maji kunaua vijidudu. Kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapungua, metali inabaki. Binti alifanya alivyofundishwa kliniki, na alifanya vizuri. Tatizo halikuwa jikoni kwake.

Siku mbili baadaye akaletwa mtaalamu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye sanduku la chupa. Alipima kisima kimoja kimoja. Alipima maji kabla ya machujio na baada ya machujio. Vipimo vikawa sawa. Yaani chujio lilikuwa halichuji. Akasimama ukingoni mwa sanduku la kwanza, akachota mchanga mweupe mkononi, akauacha uchuruzike.

"Mchanga uliokuwa humu uko wapi?"

Mkuu mpya akatazama viatu vyake. Mafundi wakatazamana. Brashi alitusimulia mwenyewe, kwenye studio hii, miaka michache iliyopita, kilichofuata. Akapiga moyo konde. Akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Niliutoa mimi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mchafu."

Yule mtaalamu hakumgombeza. Akageuza ndoo, akaikalia, akamwambia: "Mzee wangu, ule haukuwa uchafu. Ule weusi ndio uliokuwa dawa."

Akamweleza. Mchanga ukipitiwa na maji yale kwa miaka, kila punje inavaa koti jeusi, na koti hilo hilo ndilo linaloidaka metali mpya inayopita. Weusi unavuta weusi. Mchanga mweupe hauna koti. Metali inaupita kama mtu anavyopita kwenye mlango ulio wazi. Mchanga mpya ungejitengenezea koti lake, lakini ungechukua miezi, pengine mwaka.

"Ukiupata ule wa zamani," akasema, "hata nusu yake, tukauchanganya na huu, hatutangoja mwaka."

Brashi akauliza la kwake. "Mtoto wa wiki sita akinywa maji haya wiki tatu, anakuwaje?"

"Wa nani?"

"Mjukuu wangu."

Siku hiyo hiyo mtaalamu akaagiza maji ya watoto wachanga yaletwe kwa lori kutoka chemchemi ya mlimani, na tangazo likasomwa kwenye redio hii. Na mtoto akapelekwa kwa daktari. Daktari akampima, akamgeuza, akamchekesha. Akasema wiki tatu ni muda mfupi, na haoni dalili yoyote mbaya. Kisha akaongeza neno moja, kwa nia njema. "Lakini mwangalieni anavyokua. Anavyosema. Anavyotumia mikono. Anavyojifunza."

Binti alisikia, "haoni dalili mbaya." Brashi alisikia, "mwangalieni."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwake yeye hayakuwa mafumbo. Majuto yalikuwa na nguo za sufu na yalikuwa yanalala saa nne asubuhi.

Picha akaishusha ukutani. Kesho yake akaenda shuleni na mkokoteni.

Mwalimu wa michezo alikuwa pale kwenye shimo la miruko, filimbi shingoni. Watoto walikuwa wanaruka, wanatua, wanainuka na miguu myeusi hadi magotini.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua mchanga."

"Mchanga upi?"

"Huo."

Mwalimu akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Tumeuomba miaka mitatu. Mmetupa mwezi haujaisha. Leo mnauchukua? Wazazi wameshaanza kuzoea soksi kurudi nyeusi."

"Nitakuletea mweupe. Safi. Umeoshwa mara tatu."

"Na huu mweusi mnaupeleka wapi?"

"Kwenye maji ya kunywa."

"Mzee, umelala vizuri?"

Mama Dobi naye alikuwa amesikia, akaja na koleo lake. Alipomwona Brashi amepiga magoti anachambua mizizi na vijiti kwenye mchanga, akasema: "Maji yakimwagika hayazoleki. Shukuru wewe ulimwaga mchanga." Wakazoa. Mafundi wakaja, walimu wakaja, na mkuu mpya, lazima tuseme ukweli, alikuja pia, akavua tai akaifunga kichwani. Zaidi ya nusu ya mchanga ilipatikana. Wakauosha kwa maji tu, bila brashi. Brashi mwenyewe aliwasimamia, anapiga kelele: "Taratibu. Usisugue. Nani anasugua hapo?" Mafundi wakacheka hadi wakakaa chini. Kumsikia mtu yule akikataza kusugua.

Wakauchanganya, wakaurudisha, na yule mtaalamu akawa anapima kila asubuhi. Siku ya kwanza, hakuna badiliko. Siku ya nne, nafuu kidogo. Siku ya kumi na moja akatikisa chupa yake, akaisogeza dirishani, akaitazama upande huu na upande ule. Akampa Brashi aishike. Brashi akaviona vidole vyake upande wa pili.

"Manganisi imeshuka chini ya kiwango cha hatari," mtaalamu akasema. "Mzee, pumua. Hujapumua tangu nifike."

Mji wote ulipumua. Mama Dobi alianika mashuka kumi na manane mfululizo, meupe, akapita getini kumwonyesha. Alilikunjua moja tu, akalikunja, akaondoka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Brashi hakuishia hapo, kwa sababu maji yalikuwa yamepimwa na mtoto alikuwa bado anakua.

Mtoto alikua mnene, mcheshi, anatembea vizuri. Ila hakusema. Mwaka ukapita, hakusema. Miaka miwili ikapita, hakusema. Nyumbani wakamwita Kimya, kwa utani. Wengine walitania. Babu yake hakuweza kulitamka jina hilo. Mkewe anakumbuka: "Alikuwa anakaa naye mkekani, anamwambia, sema babu. Sema maji. Sema lolote, hata tusi. Mimi nikicheka, yeye hacheki."

Kimya alikuwa na miaka miwili na miezi mitano. Babu alikuwa amechuchumaa uani, anasugua sufuria. Anasugua, anasugua. Mtoto amesimama, amemtazama muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee na kusema: "Babu, basi. Imetakata."

Maneno matatu, na yote sahihi. Mzee akaiweka sufuria chini. Akaenda nyuma ya nyumba. Mkewe alimkuta amekaa juu ya ndoo, machozi yanamtiririka, anasema peke yake: "Imetakata. Kasema imetakata."

Tangu siku hiyo, binti anasema, Kimya hakunyamaza tena. Lakini daktari alikuwa amesema pia mikono. Alikuwa amesema pia kujifunza. Kwa hiyo babu akaendelea kuangalia, na hakumwambia mtu. Kimya mwenyewe ndiye aliyetueleza, tulipomtembelea kibandani kwake. Leo ni fundi wa simu. Anachomelea vipande vidogo kuliko punje ya mchanga, chini ya lenzi, na mkono hautikisiki.

"Kila nikienda kwake alikuwa na sindano. Ananiambia, nitungie uzi, macho yangu yamezeeka. Namtungia. Nyumbani kwa babu hakuna mtu aliyekuwa anashona. Lakini sindano zilikuwa na uzi mwaka mzima."

Na kulikuwa na lile swali. Saba mara nane. Alimuuliza akiwa darasa la tatu. Alimuuliza siku ya matokeo. Alimuuliza siku ya posa yake, mbele ya wakwe. Saba mara nane. Watu walidhani ni utani wa babu na mjukuu.

Siku moja alimuuliza kibandani, wateja wamejaa. Kimya akaweka chuma cha kuchomelea chini.

"Babu, nina miaka ishirini na sita. Kwa nini unaniaibisha mbele ya watu?"

Mzee akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamwambia yote, pale pale. Mchanga mweupe, birika, chupa, neno la daktari. Wateja nao wakasikiliza, na hakuna aliyeulizia simu yake. Alipomaliza, Kimya alimtazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo.

"Yaani miaka yote hiyo ulikuwa unanipima? Haya, niulize swali gumu basi, tumalize leo."

Mzee akafikiri. "Mimi gumu ninalolijua ni hilo hilo."

Tangu siku hiyo, mkewe anasema, alianza kulala usingizi wa kukoroma. "Miaka ishirini na sita sijamsikia akikoroma. Nikajua mzigo umeshuka. Na mimi ndiyo nikaanza kukosa usingizi."

Wasikilizaji wapendwa, mwezi uliopita moyo wake ulichoka. Daktari alisema hakuna la kufanya ila kumweka pamoja na watu wake. Mkewe alikuwepo. Binti alikuwepo. Kimya alitoka kazini mchana, mikono inanuka risasi ya kuchomelea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, amefumba macho. Akauliza, sauti ya chini, yenye utani ndani yake.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na saba," Kimya akasema.

Jicho moja likafunguka. Kimya akang'ata mdomo asicheke. Likafunguka la pili.

"Hamsini na sita, babu. Nilikuwa nakuchokoza."

Mzee akamtazama, midomo inacheza. Akasema: "Ile ya kwanza imenifurahisha zaidi. Asiye na akili hawezi kukosea kwa makusudi." Akafumba macho tena. Waliokuwepo wanasema walikuwa bado wanacheka, na walichukua muda kutambua kwamba hapumui.

Kwenye mlango wa machujio, pale mitamboni, kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake baada ya mkasa ule. Kinasomeka: "Mchanga ni mweusi. Uache. Ukitaka kujua kwa nini, niulize." Mhudumu wa sasa amefuta mstari wa mwisho wiki iliyopita. Kauandika upya: "Ukitaka kujua kwa nini, niulize mimi." Naye anajua, kwa sababu alielezwa.

Kituo hiki kinatoa pole kwa mkewe, aliyeishi na mtu asiyempa nafasi ya kumaliza chai. Pole kwa binti, ambaye hakukosea lolote. Pole kwa Mama Dobi, aliyeleta shuka lake la mwisho, jeupe, la kumfunikia. Pole kwa mafundi wote wa mitambo ya maji.

Na wewe unayesikiliza, kabla hujakisugua kitu usichokielewa, tafuta wa kumuuliza. Ukikatazwa jambo, dai sababu. Ukimkataza mtu jambo, mpe sababu. Na siku ukiulizwa nani kafanya, na ni wewe, nyoosha mkono mapema. Kulikuwa na nusu ya mchanga bado shimoni. Wiki nyingine za kunyamaza, watoto wangekuwa wameumaliza kwa miguu.

Sasa kunywa maji yako.

Kimya, fundi wetu, pole sana. Hakuna atakayekuuliza tena lile swali. Ulishalijibu.